Mwili na Karatasi: Historia ya Kukataliwa kwa Maombi ya Mafao ya Ulemavu Mjini Lubumbashi

Utangulizi

Mtu aliyevunjika mgongo katika shimo la shaba, au aliyepooza miguu tangu utotoni, akiomba msaada wa serikali na kunyimwa, wengi husema mara moja kwamba karani ni mwovu, au kwamba mwombaji hakujua kutia kitu mkononi. Maelezo hayo hayakosi ukweli, lakini hayatoshi. Karani hustaafu na mwingine hukaa katika kiti chake, ilhali kukataliwa kunabaki palepale. Jambo linalodumu namna hiyo lina historia, na historia hiyo ndiyo tunayokusudia kuichunguza katika makala haya.

Mfano wetu ni mji wa Lubumbashi, na hasa komini ya Annexe. Kama jina lake linavyodokeza, Annexe ni eneo lililoambatishwa: linazizunguka komini nyingine za mji, na lina mitaa kama vile Kasapa, Kasungami, Kalebuka, Luwowoshi na Naviundu. Ndani yake wanaishi wakulima wa mboga, wachoma makaa, wachimbaji wa madini, wachuuzi, na wazee waliowahi kufanya kazi katika makampuni makubwa. Tumeichagua kwa sababu hapo wanakutana watu wa aina mbili: wale waliokuwa na karatasi za kazi na kuzipoteza, na wale ambao hawakuwahi kuwa nazo.

Hoja yetu ni moja. Tangu sheria za kwanza za fidia zilipotungwa wakati wa ukoloni, mlemavu wa Katanga hakuulizwa kwanza, "Umepungukiwa na nini?" Aliulizwa, "Ulikuwa mtu wa nani?" Maana yake: nani alikuajiri, nani alikuandikisha, nani alilipa michango kwa jina lako. Asiyeweza kujibu swali hilo kwa karatasi hukataliwa kabla mwili wake haujatazamwa.

Mwili uliopimwa ili utumike

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na tanuri la kuyeyushia shaba la Lubumbashi likaanza kazi mwaka 1911. Watu wa kuchimba na kubeba hawakutosha. Ndipo mwaka 1910 ikaundwa Bourse du Travail du Katanga, shirika la kuandikisha wafanyakazi kutoka mbali. Katika mfumo huo daktari alikuwa mlinzi wa mlango. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutenga wenye nguvu na wasio na nguvu. Aliyeonekana dhaifu hakuandikwa. Aliyeugua au kuumia akiwa kazini, na asitarajiwe kupona upesi, alirudishwa kwao.

Hapa yafaa tutue kidogo. Kumrudisha mgonjwa kijijini kulikuwa na maana ya kiuchumi: gharama ya mwili uliovunjika ilihamishwa kutoka kwa kampuni hadi kwa jamaa zake. Kijiji kilitoa kijana mwenye afya na kikapokea mtu wa kutunzwa. Hapakuwa na ombi, kwa hiyo hapakuwa na kukataliwa. Palikuwa na safari ya kurudi tu.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili siasa yake. Ilianza kuwapa wafanyakazi mikataba ya miaka mitatu, kuwaruhusu wakae na wake zao, na kuwajengea kambi zenye hospitali, shule na posho. Daktari Léopold Mottoulle alikuwa miongoni mwa waasisi wakuu wa siasa hiyo. Wafanyakazi wakazoea kuiita kampuni baba na mama. Lakini baba huyo aliwatambua watoto waliomo katika daftari lake peke yao. Ndani ya kambi mtu alitibiwa, alilishwa na kuhesabiwa. Nje ya kambi hakuwa mtoto wa mtu yeyote. Mwezi Desemba 1941 wafanyakazi walipogoma mjini Élisabethville kudai mishahara, askari waliwafyatulia risasi, na watu wengi wakauawa. Ilidhihirika kwamba ulezi wa kampuni ulikuwa hisani yenye mipaka, wala haukuwa haki ambayo mtu angeweza kuidai.

Sheria mbili, madaftari mawili

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni ilianza kutunga sheria za jamii. Mwaka 1949 ilitoka sheria ya fidia kwa wafanyakazi Waafrika waliopata ajali kazini au maradhi yatokanayo na kazi. Mwaka 1951 yakafuata malipo ya familia, na mwaka 1956 pensheni. Kwa mara ya kwanza kiungo kilichokatika kilipewa thamani kwa asilimia: kidole kiasi hiki, jicho kiasi hiki, mkono wa kulia kiasi hiki.

Hatua hiyo ilikuwa kubwa, wala hatupaswi kuidharau. Hata hivyo ilikuwa na kasoro mbili ambazo bado zinatuandama. Ya kwanza ni kwamba sheria ilimtambua mfanyakazi wa mshahara tu. Mkulima, mvuvi, mke wa mfanyakazi, mtoto aliyezaliwa na kilema, wote walibaki nje. Ya pili ni kwamba Wazungu na Waafrika waliwekwa katika mifuko tofauti, kila kundi na daftari lake.

Uzito wa kasoro hiyo ya pili ulionekana mwaka 1960. Tarehe 16 Juni mwaka huo, siku 14 kabla ya uhuru wa Kongo, Ubelgiji ilipitisha sheria ya kuweka chini ya udhamini wake mashirika yaliyosimamia akiba ya jamii ya waajiriwa wa daraja la juu wa koloni, ambao karibu wote walikuwa Wazungu. Mhandisi aliyerudi Brussels aliondoka na haki yake ikiwa na mdhamini. Mchimbaji wa Kipushi aliyevuta vumbi la shimo lilelile aliachiwa daftari ambalo mdhamini wake alikuwa dola changa, ambayo ndani ya siku chache ingeanza kupasuka. Mwili wa mmoja na mwili wa mwingine iliumizwa na kazi moja. Kilichowatenganisha ni daftari.

Sheria iliyozaliwa wakati wa mtengano

Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ilijitangazia kujitenga chini ya Moïse Tshombe, na hali hiyo ikadumu hadi Januari 1963. Katikati ya kipindi hicho, tarehe 29 Juni 1961, serikali ya Léopoldville ilitoa amri yenye nguvu ya sheria iliyounganisha mashirika matatu ya kikoloni, yale ya pensheni, ya ajali za kazi na ya malipo ya familia, yakawa shirika moja: Institut National de Sécurité Sociale, au INSS. Sheria hiyo ilikuwa msingi wa mafao ya mfanyakazi wa Kongo kwa zaidi ya nusu karne.

Tazama basi ajabu ya tarehe hizo. Sheria iliyokuwa imlinde mfanyakazi wa migodi ilitungwa wakati mkoa wenye migodi mikubwa kuliko yote haukuitii serikali iliyoitunga. Mtu aliyefanya kazi Élisabethville kati ya mwaka 1960 na 1963 alikuwa chini ya dola isiyotambuliwa na nchi yoyote. Pensheni ya ulemavu hutegemea michango iliyolipwa, na miaka mitatu ya namna hiyo si kitu kidogo. Kila ombi lililoivuka miaka hiyo lilipaswa kuthibitishwa upya na mwajiri. Na mwajiri mwenyewe alibadilika tarehe 1 Januari 1967, Union Minière ilipotaifishwa na nafasi yake kushikwa na kampuni ya dola, ambayo baadaye tuliifahamu kwa jina la Gécamines.

Watu wa kawaida walitambua mapema kwamba asiyeandikwa husahauliwa. Mwaka 1965 André Yav, pamoja na chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani, walitoa kwa Kiswahili cha mji wetu maandishi yaitwayo Vocabulaire de ville de Elisabethville, ambayo Johannes Fabian aliyachapisha pamoja na tafsiri na maelezo mwaka 1990. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuyasoma kwa ajili ya lugha yake. Tukiyasoma pia kama hati ya historia ya jamii, tunaona watu waliotumika maisha yao yote wakijaribu kujiandikia wenyewe kumbukumbu ambayo madaftari ya mabwana hayakuihifadhi.

Fao lililoliwa na fedha

Kuna namna ya kunyimwa isiyohitaji barua ya kukataa. Ombi hukubaliwa, kiasi huandikwa, kisha fedha yenyewe hufa. Mwaka 1967 zaire ilichukua nafasi ya faranga. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa zaire za zamani milioni 3. Mwaka 1998 ikarudi faranga ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000. Tukizidisha, faranga moja ya mwaka 1998 ilikuwa sawa na zaire za kwanza bilioni 300. Tuseme mtu alikadiriwa zaire 300 kwa mwezi katika miaka ya 1970, na kiasi hicho hakikurekebishwa: haki yake ingekuwa sehemu moja ya bilioni ya faranga moja. Hakuna aliyemkataa, hesabu ilimkataa.

Wakati huohuo kampuni iliyoshika daftari ilikuwa ikianguka. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwezi Septemba 1990. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa wingi katika mkoa, na miongoni mwao walikuwamo wafanyakazi wa migodi na wa reli waliozaliwa hapahapa. Anayekimbia hachukui kila karatasi. Kisha mwaka 2003 na 2004 Gécamines, kwa fedha za Benki ya Dunia, iliwaondoa wafanyakazi 10,655 katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Walipokea malipo ya mkupuo na uhusiano ukakatika. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alikuwa amekwisha kutoa mwaka 2001 kitabu ambacho jina lake linawataja Bana Shaba kuwa watoto walioachwa na baba yao. Jina hilo lilifaa zaidi miaka miwili baadaye.

Milango mitatu ya kukataliwa

Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 iliweka kanuni mpya za akiba ya jamii, na INSS ikageuzwa kuwa Caisse Nationale de Sécurité Sociale, au CNSS. Yamo mabadiliko mengi ya maana, lakini njia ya mwombaji bado inapita katika milango mitatu ya zamani.

Mlango wa kwanza ni wa ajira. Fidia ya ajali ya kazi humhitaji mwajiri. Mchimbaji mdogo, ambaye Kanuni ya Madini ya mwaka 2002 inamtambua kuwa mtu anayejichimbia mwenyewe, hana mwajiri. Shimo likimwangukia, majirani wataiita ajali ya kazi, kwa kuwa alikuwa akifanya kazi. Sheria ya fidia haitaiita hivyo, kwa kuwa hakuwa akimfanyia mtu. Wala hayuko mbali naye kibarua wa kampuni ndogo iliyopewa kazi na kampuni kubwa, ikiwa jina lake halikupelekwa kwenye daftari la CNSS. Hapo kosa ni la mwajiri, lakini anayebaki bila fao ni mwenye mguu uliovunjika.

Mlango wa pili ni wa ushahidi. Ajali yapasa itangazwe na mwajiri kwa wakati. Jeraha lithibitishwe na daktari. Jina, mwaka wa kuzaliwa na miaka ya michango vilingane katika kila hati. Wazee wengi waliandikiwa mwaka wa kuzaliwa kwa kukisia, tena kila ofisi ikakisia kwa namna yake. Jina lililoandikwa na padri kwa herufi moja liliandikwa na karani wa kambi kwa herufi nyingine. Kwa mwenyewe na kwa jirani zake huyo ni mtu mmoja. Kwa jalada ni watu wawili, na kila mmoja ana nusu ya haki. Magumu zaidi ni maradhi ya mapafu yatokanayo na vumbi la mawe, yaani silikosisi. Ugonjwa huu huweza kujitokeza miaka mingi baada ya mtu kuacha shimo. Mwili unapoanza kutoa ushahidi wake, karatasi zimekwisha kupotea, na kampuni imekwisha kubadili jina au kufunga mlango.

Mlango wa tatu ni wa kipimo. Pensheni ya ulemavu hailipwi kwa ajili ya kilema chenyewe, bali kwa ajili ya uwezo wa kuchuma uliopotea. Kipimo hiki kina mantiki ndani ya bima, kwa maana bima hurudisha kilichopungua. Lakini mtu aliyezaliwa na ulemavu, ambaye hakupata kuajiriwa kwa sababu ya ulemavu huohuo, kwa hesabu ya bima hajapoteza chochote. Kwa hiyo anayehitaji zaidi ndiye aliye mbali zaidi na haki. Hatusemi kwamba makarani wameipindisha sheria. Tunasema kwamba hata sheria ikitekelezwa kwa uaminifu kamili, bado itamkataa.

Kuhusu lugha ya jalada

Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, lakini lugha ya utawala ni Kifaransa, na jalada la mwombaji huandikwa kwa lugha hiyo. Tofauti hii huzaa kukataliwa kwake yenyewe. Mtu wa Annexe akiulizwa ameumia lini, huenda akajibu siku maumivu yalipomlaza kitandani. Fomu ilitaka siku ya ajali. Akiulizwa kama anaweza kufanya kazi, atajibu kwamba anajitahidi, kwa kuwa adabu inamkataza kujionyesha mvivu. Karani huandika kwamba anaweza.

Maneno yenyewe yana njia zao. Kwa Kifaransa, mtu aliyepoteza uwezo wa kufanya kazi huitwa kwa neno linalotoka katika shina lilelile linalotumiwa kwa hati isiyokubalika kisheria. Kwa Kiswahili tulizoea kusema kilema, kiziwi, kipofu, majina yenye kiambishi cha ngeli ya vitu, ingawa sarufi huwapatanisha kama watu. Kiswahili sanifu kimependelea mlemavu, na kusema mtu mwenye ulemavu kumezidi kuenea. Mabadiliko hayo yanamtanguliza mtu na kuuweka ulemavu nyuma yake. Ingefaa sana fomu za mafao zifuate mwendo huohuo, yaani zimwulize mtu kwanza, kisha ziulize karatasi.

Hitimisho

Yako mambo yanayotia moyo. Katiba, katika kifungu chake cha 49, inawapa watu wenye ulemavu haki ya hatua maalumu za kuwalinda. Mwaka 2015 nchi ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na tarehe 3 Mei 2022 ikapata sheria ya msingi namba 22/003 ya kulinda na kuendeleza haki zao. Lakini haki iliyotamkwa huhitaji bajeti, ofisi na daftari jipya. Bila hivyo mwombaji hurudishwa kwenye daftari la zamani, lile la waajiriwa.

Daftari jipya si ndoto. Nchini Kenya serikali ilianza mwaka 2011 kuzipa fedha taslimu familia zenye watu wenye ulemavu mkubwa, bila kuuliza michango ya ajira. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kumlipa kila mkazi aliyetimiza miaka 70, awe aliajiriwa au alilima tu. Mipango hiyo ina matatizo yake: Kenya fedha hazikuwatosha wote waliostahili, na Zanzibar kipimo ni umri, si ulemavu. Hata hivyo yote miwili inaonyesha kwamba dola za eneo letu zinaweza kumwuliza raia swali jingine kuliko "Ulikuwa mtu wa nani?"

Kwetu sisi wa vyuo vikuu ipo kazi iliyo karibu. Barua za kukataliwa zimo ndani ya masanduku ya bati Kasungami na Luwowoshi, pamoja na vitabu vya kazi, kadi za hospitali za kambi na stakabadhi za malipo. Wenye nazo wanazeeka, na mchwa hawasubiri utafiti. Zikikusanywa, zikanakiliwa kwa idhini ya wenyewe, na maelezo yao yakaandikwa kwa Kiswahili chao, zitamfaa mwanahistoria. Lakini kabla ya hapo zitamfaa mwenye jalada. Nakala ya kitabu cha kazi inaweza kujaza mwaka uliokosekana. Ushahidi wa wenzake wawili wa shimo moja unaweza kuonyesha kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja. Mwanafunzi wa sheria anaweza kuandika rufani, wa tiba kusoma picha ya mapafu, na wa Kiswahili kuhakikisha kwamba kilichoandikwa ndicho kilichosemwa. Kazi hiyo haitafungua mlango wa tatu, ambao ni wa bunge na serikali kuufungua. Mlango wa pili, hata hivyo, umefungwa kwa karatasi, na karatasi ndiyo kazi yetu.